Nati Iliyoanguka Ndani ya Mashine



Wale kati yenu mliokwisha kupanda treni ya Lubunga mnaijua reli ile inavyouacha mto na kuingia msituni, ikienda kilomita 125 hadi Ubundu, ili kuyakwepa maporomoko saba ya Boyoma ambayo hakuna chombo kiwezacho kuyapita. Reli hiyo ilimalizika mwaka 1906. Mji wa Ubundu wakati wa Wabelgiji uliitwa Ponthierville, na ni karibu na huko, kandokando ya mto Ruiki, ambako mwaka 1951 wageni walifika na kamera zao ili kupiga sehemu ya filamu iitwayo The African Queen. Mwongozaji alikuwa John Huston, na waigizaji wakuu Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Sehemu nyingine ilipigwa Uganda, na nyingine studioni Uingereza. Hadithi yenyewe, iliyotoka katika kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935, imewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, wala haihusu nchi yetu. Lakini baadhi ya maji na miti inayoonekana ndani yake ni maji na miti ya wazee wetu. Nashangaa kwamba vijana wengi wa Kisangani hawana habari hiyo kabisa.

Katika filamu hiyo mna jambo dogo ambalo watazamaji hulichekea na kulisahau. Mashua yaendeshwa kwa mvuke, na mara kwa mara mtambo wake huanza kutetemeka na kufoka kana kwamba utapasuka. Hapo mwenye mashua, Charlie Allnut, huuendea na kuupiga mateke mpaka utulie. Bibi anayesafiri naye amwuliza sababu. Naye aeleza kwamba kijana wake mmoja wa kazi aliangusha bisibisi ndani, nayo ingali humo. Bibi amwuliza tena kwa nini basi asiufungue na kuitoa. Ajibu, nami nasema kwa maneno yangu, kwamba atafanya hivyo siku moja. Kwa sasa amekwisha kuzoea kuupiga teke, na hata anapenda kidogo kufanya hivyo.

Nami nilicheka nilipoiona. Baadaye, siku moja ya Jumamosi kwetu Lubunga, nilisimama kwenye kinu cha kusagia muhogo kwa muda wa saa tatu, nikamkumbuka yule bwana na bisibisi yake, na sikucheka tena.

Kinu hicho ni cha mama mjane. Marehemu mumewe alimwachia mashine ya dizeli yenye silinda moja iliyosimama wima, na magurudumu mawili mazito ya chuma, moja kila upande. Ni mtindo wa zamani wa Lister, uliobuniwa Uingereza karibu na mwaka 1930, kisha ukaigwa na viwanda vya Uhindi, na mpaka leo wasaga nafaka na muhogo katika nchi nyingi zisizo na umeme wa uhakika. Hauendi mbio, mizunguko 650 kwa dakika yautosha. Kwa sababu hiyo hudumu. Anayeishi karibu na mashine ya namna hiyo huizoea kama saa ya ukutani: tuku, tuku, tuku, tangu alfajiri. Inaponyamaza, mtaa mzima hutambua.

Jumamosi hiyo ilikuwa imenyamaza. Vumbi la unga lilikuwa limeziba chujio la hewa, na moshi mweusi ulikuwa umeanza kutoka. Mama alimwita fundi, mzee mmoja anayefahamika sana upande wetu wa mto, naye akaja na kijana anayejifunza kazi kwake, mwenye umri wa miaka kumi na saba hivi. Chujio liliondolewa, likasafishwa, likarudishwa. Kazi ya nusu saa. Nje walikuwa wamepanga mabeseni yao akina mama wasiopungua ishirini, wenye muhogo mkavu, wakingojea unga wa fufu ya jioni na ya Jumapili. Mimi nilikuwa na gunia langu dogo.

Fundi akamwambia kijana ashike mpini na kuzungusha. Kijana akaushika, lakini hakuzungusha. Fundi akarudia. Kijana akabaki ameinama, mkono juu ya mpini, kama mtu aliyesahau hatua inayofuata. Akina mama wakaanza kumpigia kelele. Mmoja akamwuliza kama hakula asubuhi. Mwenye kinu akatoka nje, akaingia tena. Nadhani kimya hicho kilidumu dakika moja tu au mbili, lakini niliyekuwa karibu nilimwona kijana anatokwa jasho shingoni, na sikuelewa ana nini.

Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Papa, nati moja ya chujio siioni. Na rondela yake."

Yafaa niwaeleze wale wasiojua mashine maana ya maneno hayo. Chujio la hewa limefungwa juu ya koo pana ambalo hewa hupitia kwenda kwenye silinda. Kitu kikianguka katika koo hilo hushuka mpaka kwenye valvu ya kuingiza hewa. Ikiwa valvu imefungwa, kitu hukaa pale juu yake kama jiwe juu ya kifuniko cha chungu, na hakijadhuru lolote. Ikifunguka, kitu hicho huanguka ndani ya silinda, juu ya pistoni. Na katika mashine ya dizeli pistoni hupanda hadi karibu kabisa na kichwa, kwa maana ni lazima hewa ibanwe sana ndipo ipate moto wa kuwasha mafuta. Nafasi inayobaki haizidi milimita moja au mbili. Nati ya kawaida ina unene wa milimita sita au zaidi. Hapo hesabu yenyewe yajieleza. Pistoni itatoboka au kupasuka, valvu itapinda, pengine hata kichwa kitaatuka. Wala usifikiri kwamba utawahi kuisimamisha mashine ukisikia mgongano: magurudumu yale mazito yakishaanza kuzunguka hubeba nguvu yao wenyewe, na ni nguvu hiyo ndiyo itakayovunja. Kwa mama yule, pistoni na kichwa kipya ni mapato ya miezi mingi. Huenda ni mwisho wa kinu.

Basi mzunguko mmoja tu wa mpini ule ulitosha. Na mkono wa kijana ulikuwa tayari juu yake.

Hapa ndipo nilipomtazama fundi, kwa sababu nilidhani najua litakalofuata. Sisi sote tuliosoma shule za zamani twajua. Mtu mkubwa aliyeaibishwa mbele ya watu ishirini, wanaochelewa kwa sababu ya mtoto aliye chini yake, kwa kawaida huanza na swali moja: nani? Nani aliyeangusha, nani aliyekuambia uguse, wewe ni mtoto wa nani. Fundi hakuuliza hilo. Aliuliza mawili tu. La kwanza: "Uliisikia ikianguka wapi?" Kijana akaonyesha koo la hewa kwa kidole. La pili: "Umekwisha kuzungusha?"

"Hapana, Papa. Hata kidogo."

"Vema. Ondoa mkono."

Kisha akachukua gogo la kuni, akalisukumia chini ya gurudumu ili hata mtoto apitaye asiweze kulisogeza. Hilo lilikuwa jambo lake la kwanza, kabla ya kutafuta chochote. Nilipomwuliza baadaye, alinijibu kwamba watu wengi huharibu mashine wakati wa kutafuta: huzungusha kidogo wapate kuona vizuri, na katika kuona vizuri ndipo wanapoitumbukiza nati ndani.

Jambo la pili lilinifurahisha kama mwalimu. Alipanda juu ya kichwa cha mashine, mahali palipo na mikono miwili midogo ya chuma inayozisukuma valvu, akaushika mmoja kwa vidole viwili na kuutikisa. Ulicheza, tik, tik. Akaniita: "Mwalimu, njoo uone." Mkono unaocheza, alinieleza, ni mkono ambao hausukumi kitu, na usiposukuma kitu, valvu yake imefungwa. Katika kila mizunguko miwili ya mashine valvu hiyo hufunguka mara moja tu. Kwa hiyo nati, kama iliingia, ingali juu ya mlango. Haijaingia chumbani. Bila kufungua kitu, bila taa, kwa kutikisa chuma kidogo, mzee yule ambaye sijui kama alimaliza shule ya msingi alikuwa amepata jibu la hakika kuhusu mahali ambapo jicho halifiki. Nimewafundisha wengi jinsi ya kufikiri kutoka kwenye ishara hadi kwenye sababu, na sijawahi kupata mfano safi kama huo.

Akaondoa chujio tena, kisha kile kipande cha bomba kilicho chini yake, akamulika kwa tochi. Nati ilionekana, inang'aa, imeegemea ukuta wa tundu. Wote tukachungulia kwa zamu, nami pia, kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Kuitoa kulikuwa na shida yake. Fundi alikuwa na sumaku iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa, lakini ilikuwa pana kuliko tundu. Akachukua chuma chembamba kirefu, akaibandika sumaku kwenye nyuma yake, na nguvu ikapita ndani ya chuma mpaka kwenye ncha. Alipokiingiza mara ya kwanza, ncha ikanata kwenye ukuta wa tundu, maana ukuta nao ni chuma. Mara ya pili vilevile. Akakata kipande cha mpira wa baiskeli, akakivisha chuma hicho kama soksi, akaacha ncha peke yake wazi. Mara ya tatu nati ikapanda. Akina mama wakapiga vigelegele, na mmoja akaanza kubeba beseni lake kwenda mbele ya mstari.

Fundi akaiweka nati juu ya kitambaa, akasema: "Bado rondela."

Ndipo ugomvi wa kweli ulipoanza. Rondela, kile kijisahani chembamba chenye tundu katikati kinachowekwa chini ya nati, ilikuwa ya alumini. Sumaku haina habari na alumini. Na haikuonekana kwa tochi, kwa sababu nyuma ya mti wa valvu pana kivuli ambacho mwanga haukifikii. Zaidi ya hayo, hakuna aliyekuwa na hakika kwamba iliingia. Labda ilianguka chini katika vumbi. Kijana aliulizwa, akasema aliisikia nati, lakini rondela ni nyepesi mno kusikika.

Watu wakatoa mashauri. Bwana mmoja, dereva wa pikipiki, alisema rondela ya alumini ni laini, itasagwa na kutoka na moshi, amekwisha kuona mara nyingi. Mwingine akasema yumkini haimo, na kwamba fundi anajitafutia malipo ya siku nzima. Mwenye kinu, ambaye mpaka hapo alikuwa amenyamaza, akasema kwa upole lakini waziwazi: "Papa, jua linakwenda. Watu hawa wakiondoka leo, watazoea kinu cha wengine. Washa tu, tutamwachia Mungu."

Ndugu zangu, neno hilo la mwisho lilinigusa, kwa kuwa ni neno letu. Twalisema kila siku, na mara nyingi twalisema kwa haki. Lakini siku ile lilikuwa linatumika kama teke la yule bwana wa mashua. Namwelewa mama huyo. Ada ya shule ya watoto wake imo katika mabeseni yale, wala haikuwa rahisi kwake kusimama pale. Hata hivyo naona kwamba kumwachia Mungu jambo ambalo mkono wako waweza bado kulifikia ni kumpa Mungu kazi yako na kubaki na mapato yake.

Fundi hakubishana naye. Alisema tu kwamba hatawasha, na kwamba mwenye haraka anaweza kuwasha mwenyewe, mpini uko pale. Hakuna aliyeushika.

Wakagawana kazi. Akina mama wawili walifagia sakafu ya kinu, pole pole, kutoka pembeni hadi mlangoni, wakachekecha takataka zote kwa chekecheo la unga. Katika mafundisho ya katekesi nimesimulia mara nyingi mfano wa Bwana wetu juu ya mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepoteza moja, ulio katika sura ya kumi na tano ya Luka, na daima nilikuwa nikiwaeleza watoto furaha ya mwishoni, jirani wakialikwa. Nikiwatazama akina mama wale na mifagio yao, niliona mambo mawili ambayo sikuwahi kuyasisitiza. Mwanamke yule alijua kwamba sarafu imepotea kwa sababu alikuwa anajua idadi yake. Asiyehesabu hapotezi kitu, huishi tu na pengo asilolijua. Na tena, Injili haielezi lolote kuhusu jinsi sarafu ilivyoanguka. Yeye awasha taa na kufagia.

Sakafuni haikuwamo. Walipata msumari, kifungo cha shati, na sarafu ya makuta ya wakati wa Mobutu.

Basi fundi akavunja njiti moja ya gurudumu kuukuu la baiskeli, mojawapo ya zile toleka zinazobeba watu mjini kwetu, akaipinda mwishoni kidogo kufuata umbo la tundu, akaipaka grisi nzito kwenye ncha. Akampa kijana.

Hapo watu waliguna, na mwenye kinu akasema sauti ikiwa imepanda: "Huyu huyu?" Fundi akajibu kwamba vidole vya kijana ni vyembamba kuliko vyake, na macho yake ni mazima. Sijui kama hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yote.

Kijana alifanya kazi hiyo muda mrefu mno. Aliingiza njiti, akapapasa, akaitoa, akaifuta, akapaka grisi mpya, akaingiza tena. Mara nyingine ilitoka na masizi, mara nyingine bila kitu. Baadhi ya akina mama walibeba mabeseni yao wakaenda kinu kingine, kama mwenye kinu alivyohofu. Nami ningeweza kwenda, lakini nilikwisha kuwa mfungwa wa jambo hilo. Yapata saa tisa na nusu alasiri njiti ilitoka na rondela imenata kwenye ncha yake, imeinama, nyeusi upande mmoja. Kijana hakusema kitu. Aliinyoosha mbele ya fundi, na fundi akaiweka kwenye kitambaa kando ya nati. Akahesabu kwa sauti vyote vilivyokuwa pale, akavirudisha kimoja kimoja, akaondoa gogo. Mashine iliwaka kwa mzunguko wa pili.

Siwezi kuwaambia kwamba wote walifurahi. Mwenye kinu alilipa, lakini si yote waliyopatana, akisema saa zilizopotea hazikuwa zake. Akaongeza kwamba kijana yule asishike tena mashine yake. Fundi, ambaye alikuwa anafuta mikono, alimjibu maneno ambayo nimeyaandika siku ile ile nilipofika nyumbani: "Mama, kosa la kwanza ni langu, koo lile nilipaswa kuliziba kwa kitambaa kabla hajaanza. Na huyu ukimfukuza, mimi nitakuja na mwingine. Huyo mwingine atakuwa amesikia habari ya huyu. Yeye ataangusha, na atazungusha."

Mama hakushawishika. Mwezi uliofuata alimwita fundi mwingine. Siandiki haya kumlaumu. Mtu anayehesabu faranga kila jioni ana haki ya kuchoka na hekima ya watu wengine.

Lakini mimi maneno ya mzee hayajaniacha, kwa sababu ninaishi kati ya watoto. Shuleni kwetu, na katika katekesi pia, twawaambia watoto kwamba kusema ukweli ni fadhila, na papo hapo twapanga mambo namna ambayo anayesema ukweli ndiye anayeumia peke yake. Anayenyamaza hupita. Mtoto si mjinga. Huona hesabu hiyo mapema kuliko zile za ubaoni. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli, ila methali hiyo humsema mficha maradhi tu. Haiwasemi waliomzunguka hata akaona heri kuficha.

Dada yangu ni muuguzi. Nilipomsimulia habari hii hakushangaa hata kidogo. Aliniambia kwamba katika chumba cha upasuaji vitambaa, sindano na vyuma huhesabiwa kabla mgonjwa hajatoka, na kwamba Shirika la Afya Duniani liliweka jambo hilo katika orodha yake ya usalama wa upasuaji iliyotolewa mwaka 2008. Huhesabiwa kwa sauti, kila mara, hata daktari awe bingwa namna gani. Hakuna anayeulizwa kama anajiamini. Na hesabu isipotimia, alisema, hata muuguzi mdogo kuliko wote katika chumba anaruhusiwa kusema "bado". Nilimwuliza kama kweli husema. Akatabasamu, akanijibu kwamba hutegemea daktari.

Mwaka huu nimewaandaa watoto thelathini na wanne kwa kitubio chao cha kwanza. Kwa kawaida watoto huja na orodha waliyonakili kwa wenzao: nilitukana, niliiba sukari, sikutii. Safari hii niliwasimulia habari ya kinu, na nikawaomba, badala ya orodha, kila mmoja ajiulize maswali mawili ya fundi: limeanguka wapi, na je, nimekwisha kuzungusha? Nilieleza kwa mashine ya mchoro ubaoni, koo, valvu, pistoni. Wavulana walipenda mchoro kuliko somo, sikuwazuia. Binti mmoja, asiyesema sana darasani, aliunyosha mkono wakati wengine walikuwa wameanza kukusanya madaftari.

"Mwalimu, na kama mtu amekwisha kuzungusha?"

Nilimwambia kwamba nitamwuliza fundi mwenyewe, kwani nilitaka jibu la mtu anayefungua mashine. Nilimkuta Jumatatu karibu na kituo cha treni, yeye na kijana wake, wako chini ya lori. Nilimweleza swali na umri wa aliyeliuliza. Alifikiri, akamtuma kijana amletee ufunguo wa namba kumi na tisa.

"Hapo lazima kichwa kifunguliwe," alisema. "Ni kazi ya siku nzima. Mwambie aje asubuhi, na alete jointi mpya, maana ile ya zamani hairudishwi."

Kijana akarudi na ufunguo, akauweka kwenye kitambaa pamoja na mingine, na akaihesabu.